Sindano ya akili ya muda mrefu: jinsi ya kuivuka hofu yake

Mdogo wangu ni mvuvi wa dagaa. Siku daktari alipomwambia kwamba kuna sindano inayoweza kuchukua nafasi ya vidonge vyake vya ugonjwa wa akili vya kila usiku, aliinuka kwenye benchi bila kuaga. Nilimkuta nje anaongea na bodaboda bei ya kurudi Kirumba, mtaa wetu hapa Mwanza, na njia nzima hakunitazama. Ilichukua miezi mitano mpaka akakubali, na minne kati ya hiyo niliipoteza mimi kwa kumbembeleza vibaya. Ndiyo sababu naandika: kwa anayeiogopa sindano hii, na kwa ndugu anayeishi naye.

Mimi si daktari. Humu mna niliyoyauliza kliniki nikajibiwa, na niliyoyaona nyumbani. Aina ya dawa na kipimo chake ni kazi ya anayekutibu.

Hatua ya 1: Tenganisha sindano mbili zinazochanganywa

Huku kwetu ukisema "sindano ya akili", watu wanaona picha moja: mtu amefungwa kamba, wanaume wanne wamemkandamiza, nesi anachoma, mtu analala siku mbili na kuamka mate yanamtiririka. Picha hiyo si ya uongo. Sisi wenyewe tulimpeleka mdogo wangu hospitali nyuma ya pikapu, mikono imefungwa kwa kamba ya nanga, na alama ya kamba ile bado iko juu ya kiganja chake cha kushoto.

Ile ilikuwa sindano ya dharura. Mara nyingi huwa ni haloperidoli ya kawaida, klopromazini au dayazepamu. Kazi yake ni kumtuliza upesi mtu aliye hatarini, na nguvu yake huisha baada ya saa kadhaa, au siku moja hivi.

Tunayoizungumzia hapa ni nyingine kabisa. Dawa huyeyushwa kwenye mafuta, mara nyingi mafuta ya ufuta, kisha huchomwa kwenye msuli na kukaa pale. Mwili unainyonya kidogo kidogo, kama utambi wa kibatari unavyonyonya mafuta usiku kucha. Akina mama mnaoijua sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, wazo ni lilelile. Kwenye kliniki nyingi utakutana na flufenazini dekanoati, ambayo wengi wanaiita kwa jina la Modecate. Nyingine ni haloperidoli dekanoati. Hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 5, kutegemea dawa na mtu, na nyingi huangukia wiki ya nne. Zipo za kisasa zaidi kama paliperidoni, ambayo si ya mafuta na huchomwa mara moja kwa mwezi, lakini mfuko wako ujiandae. Sindano za aina hii zimetumika duniani tangu miaka ya 1960, kwa hiyo anayekwambia mnafanyiwa majaribio umpuuze.

Na haimwangushi mtu pale pale. Wanaochomwa huja kwa miguu yao, wanakaa foleni na daftari mkononi, wanachomwa, wanaondoka kwenda kazini.

Hatua ya 2: Itaje hofu kwa jina lake

Hapa ndipo nilipoharibu. Kwa miezi minne nilikuwa na sentensi moja tu: "Usiogope, ni sindano tu." Sentensi hiyo haijibu kitu, kwa sababu karibu hakuna mtu mzima anayeogopa ncha ya sindano peke yake. Nyuma yake kuna jambo.

Jioni moja ya mbalamwezi, mitumbwi imelala ufukweni, tulikuwa tunakusanya dagaa walioanikwa. Nikamuuliza, safari hii bila kumshawishi: "Hebu niambie, unaogopa nini hasa?" Akaendelea kufagia dagaa mpaka nikadhani hajanisikia. Kisha akasema, "Dada, siogopi sindano. Nawaogopa nyinyi."

Nilijua anazungumzia nini. Mwaka uliotangulia alipogoma kumeza vidonge, nilikuwa navisaga na kumwekea kwenye uji. Siku ya tatu aliona unga mweupe chini ya kikombe. Hakupiga kelele, alimwaga uji nje, na tangu siku hiyo hakula chakula nilichopika mimi mpaka mama yetu awe ameonja kwanza. Kwake yeye, sindano ya mwezi mzima ilikuwa ni ule uji, ila safari hii hawezi kuutema.

Nilimwomba radhi. Nikamkabidhi daftari lake la kliniki, ambalo siku zote lilikaa kwenye mkoba wangu, nikamwambia: "Utaingia mwenyewe kwa daktari. Mimi nitakaa nje, ukiniita nitakuja." Hakukubali siku ile, lakini alianza kuuliza maswali. Kama na wewe unamsagia mtu vidonge kwenye uji au ugali, acha leo, na mwambie kwamba ulikuwa unafanya hivyo. Atakasirika. Akasirike.

Kaeni mahali tulivu, yeye aseme hofu moja baada ya nyingine, na asicheke mtu. Hizi ndizo nilizozisikia zaidi:

"Nitakuwa zezeta." Hofu hii ina msingi, na anayesema haina msingi hajawahi kukaa kwenye benchi la kliniki. Dawa hizi, ziwe za sindano au za vidonge, zinaweza kukaza mwili: mtu anatembea kwa hatua fupi, mikono haichezi, uso umeganda, mate yanatoka. Mwingine hawezi kutulia, miguu inataka kutembea muda wote. Mara nyingi hiyo ni ishara kwamba kipimo ni kikubwa kwake au dawa haimpendi. Kipimo hupunguzwa, dawa hubadilishwa, au anapewa benzheksoli ya kulegeza ule ukakamavu. Uzezeta usikubaliwe kama bei ya kupona.

"Mguu utapooza." Kuna mshipa mkubwa wa fahamu unaopita katikati ya tako, na sindano ikichomwa vibaya inaweza kuujeruhi. Kwa hiyo sehemu sahihi ni juu, kwa upande wa nje wa tako. Dawa nyingine huchomwa begani. Una haki ya kuuliza, "Sista, utanichoma wapi?" kabla hujafungua mkanda.

"Itaniua nguvu za kiume," au kwa akina dada, "ni ya kufunga uzazi." Hii wanaume hawaisemi mbele ya dada zao, na mimi nisingeijua kama nesi wa kiume asingeongea naye pembeni. Ukweli ni huu: baadhi ya dawa hizi hupandisha homoni ya maziwa. Kwa mwanamume hamu inaweza kushuka au nguvu kupungua. Kwa mwanamke hedhi inaweza kuvurugika au kukoma, na maziwa yakatoka bila mtoto. Vidonge vya aina hiyohiyo hufanya vivyo hivyo. Kizazi hakijafungwa, na hedhi kukoma si kinga ya mimba. Likitokea, lisemwe kliniki ili dawa iangaliwe upya. Kunyamaza na kutoroka ndiko kunakoharibu. Mwenye mimba au anayetarajia kubeba aseme mapema, asijiachishe dawa peke yake.

"Nitaizoea kama pombe." Haileti kiu wala arosto ya kutamani zaidi. Ugonjwa ukirudi baada ya kuacha, ni ugonjwa uliorudi, kama presha inavyopanda kwa aliyeacha vidonge vya presha.

"Sindano zina virusi." Omba bomba jipya lifunguliwe mbele ya macho yako. Nesi mzuri hachukii.

Mayu, mama yetu, alikuwa na ya kwake: kwamba kuchoma sindano kutamkasirisha kilichomo ndani ya mwanaye, na mfumu, yaani mganga wa kienyeji, wa Magu alikuwa bado hajamaliza kazi. Sikubishana naye. Nilimwomba vitu viwili tu: asimpe mwanaye dawa ya kunywa ya mitishamba bila daktari kujua, na aje kliniki siku moja aone. Alikuja, akakaa kwenye benchi, akakutana na mama mwenzake wa Misungwi ambaye mwanaye alikuwa na mwaka wa pili kwenye sindano na ameanza tena kulima. Mazungumzo yao ya Kisukuma ya nusu saa yalifanya kazi kuliko maneno yangu yote.

Hatua ya 3: Ijaribu dawa kwanza kwa njia inayoweza kukatishwa

Kuna ukweli mmoja ambao usifichwe: dawa ya muda mrefu ikishaingia kwenye msuli haitolewi. Utaisubiri iishe. Kwa sababu hiyo utaratibu mzuri ni kutumia kwanza vidonge vya dawa ileile au ya jamii yake kwa muda, au kuanza na kipimo kidogo cha sindano, kuonekane mwili unaipokeaje. Mwambie daktari wazi: "Naomba tuanze na kidogo." Mwambie pia kama una mzio wa ufuta au karanga, kama una ugonjwa wa moyo, ini au kifafa, na kila dawa unayotumia, ikiwemo ya mfumu.

Mdogo wangu alimeza vidonge wiki kadhaa huku akijua ni majaribio yake mwenyewe. Neno "yake" ndilo lililobadilisha mambo.

Hatua ya 4: Nenda na maswali kwenye karatasi

Chumba cha daktari kinasahaulisha. Andika haya nyuma ya daftari: Dawa hii inaitwaje? Narudi baada ya wiki ngapi? Vidonge naendelea navyo au naacha? (Mara nyingi vinaendelea kwa muda, kwa sababu sindano huchukua wiki kadhaa, hata miezi, kufikia nguvu yake kamili.) Nikiona dalili mbaya usiku niende wapi? Dawa ikiisha hapa nitaipata wapi, na kwa shilingi ngapi? Kwa suala la gharama onana na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hujauza kitu.

Mwanza mjini, huduma za akili zipo Bugando na hospitali ya rufaa ya mkoa ya Sekou Toure. Wa Sengerema siku hizi mna nafuu, daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa 2025 na foleni ya kivuko imebaki hadithi. Wa Ukerewe ulizeni kama sindano inaweza kutolewa Nansio au kituo cha karibu zaidi kwa barua ya daktari, msipande meli kila mwezi kwa jambo la dakika tano.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Kula. Kunywa maji. Vaa nguo inayofunguka bila mapambano. Kama unataka nesi wa jinsia yako, sema mapema, na omba pazia livutwe.

Dawa yenyewe ni kiasi kidogo, mara nyingi mililita 1 au 2, lakini mafuta ni mazito, kwa hiyo nesi anasukuma polepole. Ukichomwa tako, lala kifudifudi na ugeuze vidole vya miguu viangaliane; msuli unalegea wenyewe. Ukisimama, weka uzito kwenye mguu wa upande wa pili. Kama ni bega, acha mkono uning'inie. Vuta pumzi kwa pua, itoe taratibu kwa mdomo wakati ncha inaingia. Anayezimia akiona sindano aseme, achomwe amelala. Tazama ukutani, mdogo wangu alihesabu vigae.

Ukimaliza usipasugue. Sindano nyingine husuguliwa, hii ya mafuta hapana, iache ikae ilipowekwa. Kauvimbe kadogo au maumivu ya siku mbili ni kawaida. Pakivimba sana, pakawa pa moto au pakatoa usaha, rudi.

Kwa ndugu: kaa nje kama ulivyoahidi. Mimi nilikaa. Nilisikia anamuuliza nesi, "Sista, ndo imeisha?" na nesi akacheka.

Hatua ya 6: Siku za mwanzo

Siku chache za kwanza ndizo za kuangaliwa kwa makini. Shingo inaweza kujipinda upande, macho yakavutwa juu, taya likakaza au ulimi ukawa mzito. Inatisha sana, na mtaani watasema jini limepanda. Ni athari ya dawa, huwapata zaidi vijana wa kiume, na hospitali wana dawa inayoifungua haraka. Nenda mara moja, hasa ikiwa koo linabana au pumzi inasumbua.

Jambo la kukimbilia hospitali bila kusubiri kuche: homa kali ikiambatana na mwili kukakamaa, jasho jingi na kuchanganyikiwa. Hutokea mara chache, lakini inaua. Msianze kwa dawa ya malaria. Mwambieni daktari kwenye sentensi ya kwanza kwamba huyu anachomwa sindano ya akili, na mtaje jina la dawa hiyo.

Ndiyo maana sindano ya kwanza isichomwe ikiwa kesho yake unaelekea kambi ya uvuvi kisiwani. Kaa mjini angalau wiki. Usiende ziwani usiku siku za mwanzo: usingizi unaweza kukuelemea, na ukisimama ghafla kizunguzungu kinakupiga. Kwenye mtumbwi kizunguzungu kina maana nyingine. Gongo na bangi uweke kando. Pombe huongeza usingizi, na bangi huuamsha ugonjwa. Jua la mchana nalo, kofia na maji.

Miezi na miaka ikienda, angalia mdomo: kutafuna bila chakula, ulimi kuchomoka-chomoka, macho kupepesa. Ikianza lisemwe mapema, ikikomaa ni ngumu kuondoka. Na panda mizani kila ziara, dawa nyingine hunenepesha.

Hatua ya 7: Funga tarehe kwenye kitu unachokiishi

Kalenda ya ukutani haikutusaidia, mvuvi hayuko nyumbani kuitazama. Dagaa hufuatwa gizani kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti, wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu. Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu hivi, sindano yake ni ya wiki 4. Tukamuuliza nesi kama anaweza kuja kila mbalamwezi. Alihesabu kwa vidole, akasema kwa dawa yake siku moja au mbili za kuchelewa hazina neno, mradi aje ndani ya wiki hiyo. Tangu hapo mwezi ukianza kunenepa juu ya ziwa, yeye mwenyewe anaulizia nauli.

Wewe si mvuvi? Tafuta chako: siku ya kulipa kodi ya chumba, kikao cha vikoba, gulio. Muulize tu nesi kama hesabu inakubali.

Ukichelewa wiki nzima au zaidi, nenda hivyo hivyo na useme. Usijifiche kwa aibu, na usidai mbili kwa mpigo kufidia.

Hatua ya 8: Kukataa, na kuacha

Anayekubali lazima abaki na uwezo wa kukataa, la sivyo hakukubali. Sindano si ya kila mtu. Kuna wanaokaa vizuri na vidonge miaka yote, na sioni sababu ya kuwasumbua. Faida yake kubwa ni kwa anayesahau, anayesafiri, au aliyechoka kuulizwa kila usiku kama amemeza. Hilo la mwisho lilimgusa mdogo wangu kuliko mengine. "Kwa hiyo hutaniuliza tena?" Nikamwambia sitamuuliza.

Ukitaka kuacha, panga na daktari. Dawa hubaki mwilini wiki kadhaa baada ya sindano ya mwisho, hivyo mtu anaweza kuacha, akajiona mzima mwezi mzima au miwili, akatangaza kwamba hakuwa na haja nayo. Ugonjwa ukirudi anakuwa ameshasahau kuunganisha.

Kwa sababu hiyo, mkiwa bado mnaelewana, aandike mwenyewe ukurasa wa dharura: dalili zake zinaanzaje, nani aitwe, nani asiitwe, apelekweje. Wa mdogo wangu uko nyuma ya daftari, kwa kalamu nyekundu, na picha yake iko kwenye simu yangu na ya baba mdogo:

"Nisipolala siku mbili. Nikianza kuosha mtumbwi usiku wa manane. Mwiteni baba mdogo, dada asilie mbele yangu. Nitapanda bajaji nikiambiwa vizuri. Msinifunge kamba."